Kipimo cha akili kwa kompyuta: kwa mama yangu kilianza kupima kidole

Nimempeleka mama kupimwa kumbukumbu kwa kompyuta mara mbili sasa, na haya nawaandikia wenye mzazi mwenye Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na mwili kuwa mzito) ambao nao wameambiwa waende, maana ile mara ya kwanza tulitoka pale mama analia na mimi sina hata neno la kumwambia.

Mama ana miaka 71, na Parkinson huu ni mwaka wa sita. Kabla ya hapo alishafanya kile kipimo cha karatasi, MoCA, kile cha maksi 30 ambacho ukipata chini ya 26 dokta anataka kuchunguza zaidi, yeye akapata 24, ndo tukaambiwa twende kwenye hiki kirefu. Kliniki siitaji jina. Pasafi, foleni hakuna, wahudumu wana heshima zao, hapo sina neno.

Unakaa mbele ya kishikwambi kikubwa, unavalishwa hedifoni, sauti inakuelekeza. Kuna zoezi la kugusa kisanduku kikiwaka tu, kuna la kukumbuka umbo gani lilijificha kwenye kisanduku kipi, kuna la kuunganisha namba na herufi kwa kupokezana, yaani 1 halafu A halafu 2 halafu B, unaenda hivo. Kwa mama ilichukua kama dakika 40. Mashine inahesabu kila mguso kwa milisekunde, kitu ambacho mtu mwenye saa mkononi hawezi kabisa, na hilo nalisifia kwa moyo wote, kwa sababu kwenye Parkinson mara nyingi kumbukumbu yenyewe sio ya kwanza kulegea, kinachotangulia ni kasi ya kufikiri, umakini na kupanga mambo. James Parkinson mwenyewe alipouelezea huu ugonjwa mwaka 1817 aliandika kwamba akili haiguswi, leo tunajua wengi inawagusa, kwahiyo kupima ni muhimu jamani, msikimbie.

Sasa kilichoniuma. Nilikaa nyuma yake namwangalia mkono. Kisanduku kinawaka, mama anakiona, kidole kinaondoka taratibu kama kinapita kwenye matope, kikifika skrini haisikii maana ngozi ya vidole vyake imekauka, anabonyeza tena kwa nguvu, mkono unatetemeka, skrini inasoma miguso miwili. Kwenye lile la maumbo nikamsikia ananong'ona "la juu, la juu kulia", na kweli ndo lilikuwa lenyewe, ila kidole kikatua la jirani. Mashine ikaandika amekosa. Binti aliyekuwa anasimamia alikuwa meza ya pili anajaza fomu zake, hakuona hata kimoja.

Na kuna la dawa. Tuliandikiwa saa nne tukaingizwa saa tano na nusu, wakati levodopa, dawa yake ya Parkinson ya asubuhi, imeshaanza kuisha nguvu, na mgonjwa wa Parkinson akiwa kwenye kile kipindi dawa imekwisha sio yule yule wa saa moja iliyopita, mwili mzito na kichwa nacho kizito. Hakuna aliyeuliza amekunywa saa ngapi. Ripoti ikatoka palepale, michoro ya rangi, na kwenye kasi kote nyekundu, na dokta wa zamu akaisoma kwa dakika mbili akasema mbele yake "mama akili imeshuka sana". Mbele yake jamani.

Dokta wetu wa neva ndo alitutuliza. Akasema namba za kasi kwa mgonjwa kama huyu hazisomwi peke yake, unachukua muda wa zoezi jepesi la kugusa tu, unaulinganisha na muda wa zoezi la kuchagua, ile tofauti ndo inakuonyesha kufikiri, kilichobaki ni mkono. Akaandika barua turudie.

Mara ya pili tulikwenda saa moja baada ya dawa, miwani ile ya kusomea, meza ya chini ili kiwiko kiegemee, akapewa kalamu ya skrini yenye ncha ya mpira, na alikuwepo kaka mmoja mpole aliyekaa pembeni yake muda wote, akamwambia "mama, tujaribu kwanza hili la mazoezi, halihesabiwi". Majibu yakawa mengine. Kumbukumbu iko kiwango cha umri wake, kubadili mawazo kutoka jambo moja kwenda lingine ndo kumelegea kweli, hilo tumelikubali na tunalifanyia kazi. Sisemi nafuu yote ni ya dawa na kalamu, mtu akirudia kipimo huwa anazoea, ndo maana walimpa toleo lenye maumbo tofauti, na hilo uliza kabla hujakaa.

Kifaa nakipa nyota 4 kati ya 5. Huduma ya siku ya kwanza nyota 1, ya siku ya pili 5, na tofauti yake ni yule kaka tu na dakika zake kumi za kumwandaa mama.

Tunarudi baada ya mwaka. Mama kasema yuko tayari, ila lazima iwe meza ileile ya chini.