Deikea za Mbeya: ada unayolipa inanunua nini?

Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, au 100 kwa mapacha. Darasa la awali la serikali, lisilo na ada, humpokea mtoto wa miaka mitano. Katikati pana zaidi ya miaka minne na nusu, na mzigo wa malezi ni wa mzazi. Kodi ya mshahara nayo haimtazami mtoto: kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kipato cha shilingi 600,000 kinachotozwa kodi hukatwa 36,000 kwa mwezi, uwe na watoto watatu au huna hata mmoja. Ada ya deikea haipunguzi hata senti.

Udhaifu mkubwa wa vituo vyetu, Uyole hadi Iyunga, unaanzia hapo. Mzazi analipa kwa kilichobaki, kwa hiyo ada inabanwa. Ada ikibanwa mlezi analipwa kiduchu, na akipata meza ya biashara Mwanjelwa, haonekani tena. Mtoto wa mwaka na nusu hujifunza kusema kwa mtu aliyemzoea, anayemjibu kila anapobwabwaja. Mlezi akibadilika kila baada ya miezi miwili, mazoea hayo yanaanza upya. Basi achana na katuni za ukutani. Uliza mlezi wa chumba hicho ana muda gani pale, na analea wangapi. Kwa walio chini ya miaka miwili, zaidi ya wanne kwa mlezi mmoja ni wengi mno.

Vituo vingine hujisifu kwamba mtoto wa miaka mitatu anaandika a, e, i, o, u. Hatuvipi alama kwa hilo. Vidole vyake bado vinahitaji kufinyanga udongo, kupanga magunzi na kuhesabu vizibo. Saa nzima kwenye benchi inamnyima hayo yote.

Kwa anayenyonyesha, sheria inatoa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Chagua kituo kilicho karibu na kazini, si nyumbani, maana foleni ya malori ya Tunduma itazimeza zote mbili.

Mwisho, Juni na Julai, miezi ya baridi, fika asubuhi bila taarifa, uingie chumba cha kulala. Ukikuta jiko la mkaa na madirisha yamefungwa, ondoka na mwanao siku hiyohiyo: sumu yake haina harufu.