Seti ya kujengea Piramidi ya Ngazi, sasa inauzwa Lamu: inunue, lakini pakiti ya simenti usiifungue

Sanduku ni la mbao, lina uzito wa kilo 16, na katika duka la vifaa vya shule mtaani Langoni linauzwa shilingi 4,800. Ndani mna vipande 640 vya jasi, ile ile ya dari za jipsamu, kila kimoja sentimita 4 kwa 2 kwa 2. Mna pia pakiti ya udongo mkavu kilo 2, simenti nyeupe kilo 1, kipimo cha mbao cha pembe, uzi wa timazi, mwiko mdogo na kijitabu cha kurasa 24 kwa Kiswahili. Kinachojengwa ni nusu ya Piramidi ya Ngazi ya mfalme Djoser iliyoko Saqqara, Misri, imekatwa katikati kama papai ili tumbo lake lionekane. Kila sentimita moja ya mfano ni mita mbili na nusu za jengo lenyewe.

Hilo la tumbo kuonekana ndilo linaloifanya seti hii istahili bei yake. Mifano mingi ya piramidi ni ganda tupu: pembe nne na ncha, basi. Mtoto akishaibandika anabaki akidhani piramidi ilipangwa kama keki ya harusi, sinia kubwa chini, dogo juu yake, hadi kileleni. Piramidi ya Djoser haikujengwa hivyo. Katikati kuna kiini, na kiini kimevishwa kuta, ukuta juu ya ukuta, kila mmoja ukiuegemea uliotangulia kwa mlalo wa nyuzi kama 15 kutoka wima. Kuta za ndani ndizo ndefu, za nje ni fupi, na tofauti ya urefu wao ndiyo ngazi tunazoziona. Mawe yenyewe pia hayakulazwa sawa na pima maji. Yamelazwa yakiinamia ndani, ili uzito wote ukimbilie katikati. Kipimo cha pembe kilichomo sandukuni kimekatwa kwa mlalo huo, na yeyote aliyekitengeneza alijua anachofanya.

Kijitabu kinaanzia pale panapostahili, kwenye mastaba. Neno ni la Kiarabu na maana yake ni baraza, lile benchi la kujengwa nje ya nyumba. Wachimbaji wa Misri waliyaona makaburi ya kale ya matofali ya udongo, marefu, bapa, kuta zimelala kidogo, wakayaita hivyo kwa sababu yalifanana na baraza. Mwanafunzi wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Wakubwa wa nasaba mbili za kwanza za watawala wa Misri walizikwa chini ya majengo ya namna hiyo, na Djoser, wa nasaba ya 3, kama miaka 2,650 kabla ya Kristo, naye alianza na baraza. Tofauti yake ni mbili: lake lilikuwa la mraba, na lilikuwa la mawe. Jina la Imhotep, anayesifiwa kuwa ndiye mjenzi, limechongwa kwenye kitako cha sanamu ya mfalme huyo, heshima isiyokuwa ya kawaida kwa mtu asiye mfalme.

Ukurasa wa 6 unamwita "Firauni Djoser". Afadhali kusema mfalme. Lakabu ya Firauni ilianza kutumiwa kwa mfalme mwenyewe zaidi ya miaka elfu moja baadaye, na wanafunzi wa madrasa watauliza mara moja kama huyu ndiye wa Nabii Musa. Siye. Katika Kurani pia, mtawala wa zama za Nabii Yusuf anatajwa kama mfalme, na wa zama za Musa kama Firauni, kwa hiyo mwalimu ana njia nyepesi ya kulieleza hilo.

Ujenzi unafuata hatua zile zile ambazo wachunguzi wamezisoma kwenye mawe ya Saqqara, na hapa seti imefanya kazi nzuri sana. Kwanza unajenga baraza la awali: mita 63 kila upande, yaani sentimita 25 na kidogo kwenye mfano. Kisha unaliongeza mita 4 kila upande. Kisha unaliongeza tena, mara hii upande wa mashariki peke yake, kwa mita 8 na kitu, kufunika midomo ya mashimo 11 ya makaburi ya jamaa wa mfalme. Usiliruke ongezeko hilo hata likionekana dogo. Ndilo linaloeleza kwa nini piramidi hii ina tako la mita 121 kwa 109 badala ya kuwa mraba. Halafu ndipo fikra ya ngazi inapoingia: piramidi ya ngazi nne, ambayo nayo ilipanuliwa kuelekea kaskazini na magharibi hadi kufika ngazi sita na urefu wa mita 62 hivi. Kwenye mfano ni sentimita 25 kasorobo.

Kuna kosa moja la kipimo. Baraza la awali lilikuwa na kimo cha mita 8, na kwenye mfano lingekuwa sentimita 3.2. Kwa kuwa vipande vina unene wa sentimita 2, kijitabu kinaagiza safu mbili, na baraza linatoka sentimita 4, yaani mita 10. Dawa yake ni rahisi: sugua safu ya juu kwa msasa mkavu hadi ibaki sentimita 1.2. Jasi husugulika kama chaki. Funga kitambaa puani na mdomoni, na sugua kabla ya kujenga, siyo baada.

Shimo la kaburi liko sawa. Kwa kweli lina mita 7 kwa 7 na kina cha mita 28, na chini yake kuna chumba cha mawe ya itale. Seti inaliweka ndani ya sanduku lenyewe, ambalo ukiligeuza huwa ndiyo ardhi ya piramidi. Vichochoro vya chini, ambavyo kwa jumla vinapita kilomita 5, vimechorwa tu kwenye ubao wa ndani. Inatosha. Vigae vya samawati vilivyopamba vyumba vya chini vimepata picha moja nzuri.

Sasa udongo. Uloweke usiku kucha, asubuhi ukande na mchanga laini, vikombe viwili vya udongo kwa kimoja cha mchanga, mpaka uwe kama uji mzito unaokaa juu ya mwiko bila kumwagika. Kijitabu hakisemi mchanga utoke wapi, na kwa sisi wa pwani hilo ni pengo kubwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Ukiutumia, baada ya wiki chache utaona unga mweupe ukitoka kwenye viungo, na ngozi ya jasi ikibanduka. Tumia mchanga wa bara, au uoshe kwa maji matamu mara tatu. Wala usiende kuchota kwenye vilima vya Shela. Vile vinatuhifadhia maji ya kunywa.

Kabla ya kulaza kipande, kipitishie brashi yenye maji. Jasi kavu hunyonya maji ya udongo papo hapo, kiungo kinabaki vumbi na kipande kinang'oka kwa kidole. Lakini usikiloweke, maana jasi ikishiba maji hulainika. Safu nne kwa siku zatosha. Malizia kiini chote na ukiache kikauke siku mbili ndipo uanze kukiegemeza ukuta wa kwanza. Kosa linalojirudia ni kunyanyua kuta zote pamoja, safu kwa safu. Ukifanya hivyo kuta za nje hazina cha kuegemea, na ukifika safu ya tano upande mzima unatambaa kuelekea nje. Kipimo cha pembe kikaguliwe kila safu mbili, na timazi itumike kwenye uso uliokatwa tu, kwa sababu huo ndio pekee ulio wima.

Pakiti ya simenti nyeupe ndiyo lawama yetu kubwa. Imewekwa ili kupaka uso wa nje, mahali pa mawe meupe ya machimbo ya Tura yaliyoivika piramidi zamani. Simenti na jasi havikai pamoja mahali penye unyevu: salfeti ya jasi hula simenti, vinazaa fuwele zinazovimba, na lipu inapasuka na kubanduka vipande. Katika hewa ya Lamu unyevu haukosekani mwezi wowote. Tena kuna sababu ya pili, ambayo kila fundi mwashi wa mji huu ameiona kwenye kuta za matumbawe: simenti huufungia unyevu ndani ya ukuta, unyevu unatafuta njia nyingine ukiwa umebeba chumvi, na chumvi inapokauka ndani ya jiwe hulivunja jiwe lenyewe. Lipu inabaki ngumu huku ukuta nyuma yake unakuwa unga. Weka chokaa. Kikombe kimoja cha chokaa iliyozimwa na kukaa, viwili vya mchanga mlaini uliooshwa, upake unene wa milimita 2, kisha ufunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo siku tatu ili isikauke kwa pupa na kupasuka. Inashangaza kwamba kijitabu chenye kurasa sita za uhifadhi kinamkabidhi msomaji simenti.

Kurasa hizo sita zenyewe ni nzuri. Zinaeleza kwamba mawe ya nje yalichukuliwa, na yaliyobaki wazi yakawa yanaporomoka. Kwamba tetemeko la ardhi la Oktoba 1992 lililegeza mengi zaidi. Kwamba kazi ya kuiokoa ilianza 2006, ikasimama kufuatia misukosuko ya 2011, na piramidi ikafunguliwa tena kwa wageni Machi 2020. Hatari kubwa ilikuwa dari ya shimo la kaburi, ambako mawe yalining'inia juu ya vichwa vya mafundi. Waliyashikilia kwa mifuko ya hewa iliyojazwa ikabana dari kutoka chini, kisha wakapitisha nondo za chuma kisichoshika kutu ndani ya mawe na kuzijazia nyenzo ya kushika. Mchoro wa mifuko hiyo ni wa kuonyeshwa wanafunzi: inaubana mwamba usio sawa bila kuuchubua, jambo ambalo gogo la mkoko lisingeliweza. Kinachokosekana ni kuelezwa kwamba wengine waliikosoa kazi ya nje, wakisema mawe mapya yamenyooka mno pembeni mwa yale ya kale. Mwanafunzi anafaa kujua kwamba wahifadhi hubishana.

Msanifu majengo Mfaransa, Jean-Philippe Lauer, ametajwa kwa sentensi mbili, naye alistahili ukurasa. Alifika Saqqara 1926 akaendelea na kazi hiyo hadi alipofariki 2001, akiokota mawe yaliyoanguka na kuyarudisha kila moja kwenye nafasi yake katika lango na ukuta wa boma linaloizunguka piramidi. Boma hilo lina urefu wa kuzunguka wa mita 1,645 hivi, milango 14 ya kuigiza na mmoja tu wa kweli. Seti haina boma, na hatulaumu, maana kwa kipimo hiki lingehitaji meza ya zaidi ya mita mbili. Lakini lango tungelipenda. Dari yake ni ya mawe yaliyochongwa yafanane na magogo ya mtende yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, kama boriti za nyumba zetu, na pembeni kuna mlango wa jiwe uliochongwa ukiwa wazi, usiofungika kamwe. Ni mafundi waliozoea udongo, matete na magogo, wakijifunza kusema yale yale kwa jiwe. Ukiiangalia dari ile, asili ya piramidi unaielewa kuliko kwa maneno ya kurasa kumi.

Mwisho wa kijitabu kuna jaribio la Meidum, la vipande 60 unavyobaki navyo, na ndilo tunalolipendekeza zaidi ya yote. Meidum ilikuwa piramidi ya ngazi pia, ikapanuliwa, halafu ikajazwa iwe na pande zilizonyooka. Ujazo huo wa mwisho uliwekwa juu ya mchanga, mawe yake yakalazwa bapa, nao ukaegemea nyuso zilizokwisha lainishwa. Leo kimebaki kiini kama mnara wa ngazi tatu, na kifusi kimekizunguka. Jaza sinia mchanga mkavu, jenga ukuta mmoja bapa juu yake bila udongo, na mwingine wa mlalo juu ya ubao mgumu. Gonga meza mara kumi kwa ngumi. Wa mchangani hutambaa kufikia mara ya tano au ya sita. Kutoka hapo ni rahisi kuwaeleza wanafunzi piramidi za Dahshur: kwa nini piramidi moja ya mfalme Sneferu inapinda katikati, kutoka nyuzi kama 54 hadi 43, na ile Nyekundu iliyofuata ikajengwa kwa 43 tangu chini.

Ukinunua, lifungue sanduku dukani na uvihesabu vipande, kwani vya kona huvunjika safarini kati ya Mokowe na kisiwani, na duka haliuzi kimoja kimoja. Kona zinazohitajika ni 48. Mfano uliokamilika usiuweke kwenye daka la mlangoni wala dirisha la upande wa bahari. Ndani ya kidaka kirefu cha ukuta mkavu utakaa vizuri, mradi ukuta wenyewe usiwe umepakwa simenti.