Close Encounters of the Third Kind: bado inashika, ila chagua toleo

Kwa wanaouliza kama filamu ya mwaka 1977 kuhusu viumbe kutoka nje ya dunia inafaa kuangaliwa leo: inafaa sana. Ninayo kwenye diski ya 4K iliyotoka 2017, yenye matoleo yote matatu ya filamu hii (1977, 1980 na 1998). Kila nikiiweka najiambia naangalia kidogo tu halafu nalala. Silali mpaka iishe.

Steven Spielberg, aliyeiandika na kuiongoza, hana haraka ya kukuonyesha kitu. Chukua ile sehemu ya kituo cha kuongozea ndege, Indianapolis. Hakuna chombo cha angani wala mlipuko. Mwongoza ndege amekaa mbele ya rada, anamsikiliza rubani akieleza kuwa kuna kitu chenye mwanga mkali kinawajia. Wenzake wanasogea nyuma ya kiti chake, mmoja mmoja. Hatari ikishapita, marubani wanaulizwa kama wanataka kuripoti chombo kisichojulikana. Kimya. Mmoja anakataa, mwingine anasema hata hajui aripoti nini. Basi. Inanisisimua kuliko filamu nyingi za sasa zinazobomoa miji mizima, maana watu wa kazi ndivyo walivyo. Nani ajaze fomu itakayomfanya achekwe ofisini?

Halafu kuna Roy Neary, fundi wa laini za umeme wa Muncie, Indiana, anayeigizwa na Richard Dreyfuss. Umeme umekatika, ametumwa usiku, kapotea, kasimamisha gari barabarani anasoma ramani. Taa zinatokea nyuma. Anapunga mkono, apite. Gari linapita na dereva anamtolea maneno. Taa nyingine zinatokea. Anapunga tena bila kugeuka. Safari hii hazipiti pembeni, zinapanda juu wima, na yeye macho yake bado yako kwenye ramani. Wewe umeshaona, yeye bado. Kila mara hapo najikuta nataka kumpigia kelele.

Baada ya usiku ule upande mmoja wa uso wake umeungua, na kuna kitu kimemkaa kichwani. Anaona umbo la mlima asioujua. Analiona kwenye povu la kunyolea, analifinyanga kwa viazi vya kuponda mezani huku mwanawe akimtazama kwa machozi, mwishowe anaujenga mlima wenyewe sebuleni kwa udongo na vichaka alivyong'oa nje. Mlima huo upo kweli, ni Devils Tower kule Wyoming. Mkewe, anayeigizwa na Teri Garr, anabeba watoto na kuondoka, na mimi nipo upande wake. Filamu inamchora kama mtu asiyeelewa tu, wakati nyumba imejaa matope! Spielberg mwenyewe alikuja kusema kwamba alipokuwa baba, asingemwandika tena mtu anayeiacha familia yake hivyo. Lakini bila Roy huyu mbinafsi kidogo ingebaki hadithi tamu ya taa angani, na nadhani tungekuwa tumeshaisahau.

Muziki ni wa John Williams. Noti tano tu ndizo zinazobeba mazungumzo yote kati yetu na viumbe hao. Kule India umati unaziimba. Mwanasayansi wa Kifaransa, anayeigizwa na François Truffaut (mwongozaji mkubwa wa filamu kwao), anauliza sauti ilitoka wapi, na vidole vyote vinanyooshwa juu kwa mpigo. Mwishoni wataalamu wanazipiga kwa kinanda cha umeme, na chombo kinajibu kwa sauti nzito ya tuba mpaka kioo kinapasuka. Usiangalie sehemu hii kwa spika za simu. Tafuta hata spika za redio ya kawaida, tuba isikike kifuani.

Picha hazijachakaa. Vilmos Zsigmond alipata Oscar ya upigaji picha, na Douglas Trumbull alitengeneza vyombo kwa vielelezo halisi (modeli za kushikika), taa na moshi, si kompyuta. Kielelezo cha chombo kikubwa kipo kwenye makumbusho ya Smithsonian, Virginia, na mafundi walimbandika juu yake R2-D2, yule roboti wa filamu ya Star Wars, kwa utani.

Sasa matoleo. Lile la 1977 ni zuri. La 1980 lina sehemu ya ndani ya chombo, ambayo studio iliitaka ndipo impe Spielberg fedha za kurekebisha mengine. Ukiona ndani, ile hamu yote inapoa. Mwaka 1998 aliikata sehemu hiyo, akabakiza nyongeza nzuri kama ile meli iliyokutwa jangwani Gobi. Anza na hilo la 1998, dakika 137.

Katikati inajivuta, hasa Roy akishaanza kuchimba udongo, na anayetaka vita na risasi asihangaike nayo. Kama kuna watoto wadogo nyumbani, angalia kwanza peke yako ile sehemu ya mtoto Barry, pale skrubu za tundu la hewa sakafuni zinapojifungua zenyewe huku mama yake akikimbizana na milango. Hakuna damu, lakini si ya kuonyesha mtoto usiku.