Wiki mbili nyumbani kwa Wajerumani, Hamburg: uzoefu wangu

Juni hii nilikuwa Hamburg kwa wiki mbili, safari ya kubadilishana lugha ya shule yetu ya hapa Dar es Salaam. Tulikwenda wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha tatu na walimu wawili. Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010, na tangu nirudi wazazi kadhaa wameniuliza kama wawaruhusu watoto wao. Wawaruhusu. Ila yapo mambo ambayo ningeambiwa mapema ningefaidi zaidi, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa nimesoma Kijerumani miaka miwili na mitihani nafaulu. Mama mwenyeji wangu alipotupokea uwanja wa ndege akasema "Moin", neno ambalo halikuwa kwenye kitabu changu. Hamburg wanasalimiana hivyo asubuhi, mchana na usiku. Kisha akaniambia nimwite kwa jina lake la kwanza na niseme "du", kama naongea na rika langu. Mimi nimelelewa kumwamkia kila aliyenizidi umri, na ulimi ulikataa kabisa. Siku tatu nzima nilitunga sentensi za kukwepa kumtaja. Siku ya nne nikamweleza shikamoo ni nini. Kuanzia hapo kila asubuhi nikiingia jikoni namwamkia, anaitikia marahaba, halafu ndiyo tunaendelea na "du" yetu.

Mezani ndipo nilipojifunza lugha, na ndipo nilipolala na njaa. Chakula cha jioni ni mkate mweusi mzito, jibini, matango na nyanya, bila kitu cha moto. Usiku wa kwanza nikaulizwa kama nataka kuongezewa. Nikasema "nein, danke", nikitarajia nitasisitizwa kama ninavyofanyiwa kwa shangazi. Sahani ikaondolewa. Hakukuwa na ubaya wowote: kwao hapana ni hapana, na kumlazimisha mgeni ni kumkosea. Ukienda, ukitaka, sema ndiyo mara ya kwanza.

Saa nazo zilinisumbua. "Halb acht" ukiitafsiri neno kwa neno ni nusu ya nane, nayo maana yake ni saa saba na nusu kwa hesabu yao, yaani saa moja na nusu asubuhi kwetu. Kwa hiyo nilibadilisha mara mbili kichwani, na siku moja nilitoka chumbani saa mbili na nusu nikakuta wenzangu wameshaondoka. Baba mwenyeji alinipeleka kwa treni mwenyewe, akachelewa kazini, na njia nzima alinifundisha kusoma saa mpaka nikaelewa.

Kwa Waislamu wenzangu: mwezi Juni jua la Hamburg linazama karibu saa nne usiku, wakati ambao nyumba nyingi zinatakiwa kuwa kimya. Waeleze wenyeji wako siku ya kwanza kwamba utaamka au utachelewa kulala kwa ajili ya sala. Wangu walinitafutia upande wa kibla kwa dira, na nyama walinunua duka la Waturuki. Nilichohitaji ni kusema tu.

Jioni ninayoikumbuka zaidi ilianza kwa neno "shule". Binti yao, ambaye ni wa rika langu, alishangaa kusikia tunalitamka karibu kama wao. Nikamwambia tulilipata kwao, na hela pia, kutoka "Heller", sarafu ya wakati wa ukoloni wao. Akauliza, ukoloni gani? Nikaanza kueleza Maji Maji, 1905 hadi 1907, watu wa kusini kulazimishwa kulima pamba, vita, kisha njaa iliyoua watu wengi mno. Maneno yaliniishia, tukaweka kamusi katikati ya meza. Baba yake alikuwa anajua kidogo, yeye hakuwa anajua chochote. Tulikaa mpaka giza likaingia. Sijawahi kuongea Kijerumani kirefu namna ile, na hakuna aliyenisahihisha sarufi hata mara moja. Kesho yake alitaka twende wote kuliona Afrikahaus, jengo la 1899 la kampuni ya meli zilizokuwa zikienda Afrika, lenye tembo wawili wa chuma uani.

Hatukuweza kwenda siku hiyo, kwa sababu ratiba ilikuwa imejaa. Hapo ndipo lawama yangu kwa waandaaji. Karibu kila siku tulizungushwa mpaka jioni kama kundi: bandarini, makumbusho, maghala ya Speicherstadt. Ni pazuri, lakini kumi na wawili tukiwa pamoja tuliongea Kiswahili tu. Wenzangu wawili walipangwa nyumba moja na walirudi na Kijerumani kile kile walichoondoka nacho, na wenyewe wanasikitika. Kila mtoto akae peke yake, na jioni ziachwe kwa familia. Tena majina ya wenyeji tuliyapata siku nne kabla ya ndege. Mama yangu hakulala vizuri mwezi mzima, na haikustahili.

Gharama: malazi na chakula hatukulipa, kwa kuwa nasi tutawapokea wao. Ada ya kawaida ya viza ni euro 90, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Mtoto anahitaji idhini ya wazazi wote wawili kwa maandishi, kwa hiyo baba akiwa mkoani anzeni mapema.

Binti yao anafika kwetu Oktoba. Mama ameshaniuliza kama anakula pilipili. Nami nimemwandikia mwenzangu kwamba nyumbani kwetu akisema ameshiba, mara ya kwanza hatutamsikia.