Mche wa Parachichi kwa Bustani ya Mombasa: Uliza Shina la Chini Kabla ya Kuuliza Bei

Mwezi wa nne mwaka 2022, masika yalipokuwa ndiyo kwanza yanaanza, nilinunua miche miwili ya parachichi katika kitalu kimoja cha kando ya barabara upande wa Kisauni. Nililipa shilingi 450 kwa kila mche bila kubishana sana, kwa sababu kila mfuko ulikuwa umefungwa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nene: «Fuerte. Huvumilia baridi. Huzaa mapema.» Naona haya kukiri kwamba ni yale maneno ya katikati yaliyonishawishi. Nilijiambia kwamba mti unaovumilia baridi ni mti wenye nguvu, na mwenye nguvu hashindwi na bustani yangu. Sikujiuliza ni baridi gani hiyo itakayoufikia Mombasa, mji ambao hata usiku wa kipupwe, Julai na Agosti, kwa kawaida hauteremki sana chini ya nyuzi 20.

Miezi mitano haikupita kabla ncha za majani kuanza kugeuka rangi ya udongo. Ukavu ule ukatambaa kando ya kila jani hadi ukijani ukabaki katikati tu, mfano wa karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Nilidhani ni kiu, nikazidisha maji ya kisima, na kadiri nilivyonywesha ndivyo miche ilivyozidi kuungua. Kaskazi ilipoanza kuvuma, mmoja ulikuwa kijiti, na wa pili ulikuwa njiani. Siku niliyoung'oa huo wa pili niliona kwamba chini ya fundo la pandikizo, pale kitawi kilipounganishwa na shina, ulikuwa umetoa chipukizi dogo lenye majani matatu. Nikalisugua jani moja kati ya vidole, kwa mazoea tu ya mtu aliyelelewa jikoni, na likanuka shamari. Harufu ile ilikuwa ndiyo maelezo yote ambayo muuzaji hakunipa, ila mimi nilichukua muda kuielewa.

Mwongozo huu basi hautazungumzia ukubwa wa tunda, wala ulaini wa nyama yake, wala ni miaka mingapi mti utachukua kuzaa. Mambo hayo kila muuzaji anayasema hata kabla hujaulizia. Nitazungumzia sehemu ya mche ambayo sijaona mnunuzi akiinama kuitazama, yaani kile kipande cha shina kilicho chini ya fundo, pamoja na kokwa kilikotoka.

Mche uliopandikizwa, au uliobebeshwa kama wasemavyo wengine, ni miti miwili iliyounganishwa. Juu kuna kitawi cha aina unayoitaka, na chini kuna shina lililooteshwa kutokana na kokwa la mti mwingine kabisa. Jina linaloandikwa kwenye kikaratasi ni la kitawi. Mizizi, ambayo ndiyo itakayokunywa maji ya kisima chako na kukabili mchanga wako au mwamba wako wa matumbawe, haina jina popote, na bei inalipwa bila yeyote kuitaja.

Maparachichi yote ni spishi moja, lakini yako katika koo tatu kubwa. Ukoo wa kwanza ni wa nyanda za juu za Meksiko, wenye tunda dogo la ganda jembamba na majani ambayo mara nyingi hunuka shamari yakisuguliwa. Mti wake uliokomaa unaweza kustahimili nyuzi 6 chini ya sifuri kwa muda mfupi, na ndiyo maana watu wa Texas wanaotaka parachichi nyumbani hutafuta aina kama Mexicola, ambayo ni ya ukoo huo. Wa pili ni wa milima ya Guatemala, wenye ganda nene, na uvumilivu wake wa baridi ni wa kati. Wa tatu ni wa nchi za chini zenye joto, ambao wataalamu huuita wa visiwa vya Karibiani. Tunda lake ni kubwa na laini kwa nje, lina mafuta machache, na mti wenyewe huumia kwa sakitu ndogo tu, ule umande unaoganda usiku.

Sasa lipange jambo hilo kwa chumvi badala ya baridi, na utaona safu imegeuka juu chini. Parachichi ni miongoni mwa miti ya matunda isiyopatana kabisa na maji ya chumvi, na ukoo ulio dhaifu zaidi ni huohuo wa Meksiko. Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo, FAO, katika mwongozo wake wa ubora wa maji ya umwagiliaji, limeweka vikomo ambavyo nikivigeuza kuwa miligramu za kloridi, yaani sehemu ya chumvi, kwa lita ni karibu 117 kwa mashina ya Kimeksiko, 142 kwa ya Kiguatemala, na 177 kwa ya Karibiani. Linganisha na ulimi wako: Shirika la Afya Duniani linasema kloridi huanza kuonjeka katika maji ya kunywa ikipita miligramu 250. Maana yake ni kwamba maji unayoyaona matamu, unayoyapikia chai bila kukunja uso, yanaweza kuwa tayari yanaunguza mparachichi wako. Ikiwa kisima chako kina chumvi ya kuonjeka, hesabu imekwisha kabla haijaanza. Kwa hiyo kile kikaratasi kiliniambia ukweli, nami nikausoma kinyume. Kuvumilia baridi na kushindwa na chumvi ni urithi wa ukoo mmoja, na mimi niliununua wote kwa shilingi 900.

Namna ya kukagua si ngumu, ingawa itakufanya uonekane mtu wa ajabu kitaluni. Muulize muuzaji kokwa za mashina yake hutoka wapi. Akijibu kwamba miche yote imekuja na lori kutoka bara, chukulia kwamba shina ni la nyanda za juu hadi athibitishe vinginevyo. Kisha mwombe akuonyeshe miche ambayo bado haijapandikizwa, au utafute chipukizi lililotokea chini ya fundo, usugue jani na unuse. Ikiwapo harufu ya shamari, shukuru na uondoke. Isipokuwapo, usishangilie upesi, kwa sababu shina la Kiguatemala halinuki na bado si la kwetu. Na ukiwa umeinama, bonyeza mfuko kwa chini: mizizi iliyojisokota kama kamba haitanyooka hata ukiipanda peponi.

Nikipanga sasa ninachokipendekeza, sijifichi kwamba nina upendeleo, na upendeleo wangu ni kwa miche ya Shimba Hills, kule Kwale. Mti nilio nao leo ulitoka huko kwa mzee mmoja anayeotesha kokwa za maparachichi ya pwani, yale makubwa yenye shingo, na kubebesha juu yake vitawi kutoka mti ulio uani kwake, ambao kila mpita njia anaweza kuuona ukizaa. Nilimlipa shilingi 300, na alinichimbia mche mbele ya macho yangu huku akinieleza mama wa shina na mama wa kitawi kama mtu anayetaja ukoo wa bibi harusi. Huu ndio ninaouweka wa kwanza, na simjui wa pili aliye karibu nao. Wanaosema tunda lake lina majimaji hawasemi uongo. Si parachichi la kupaka kwenye mkate likakaa wima. Lakini kwa saladi ya kachumbari na wali wa nazi halina kasoro, na kwa sharubati ni zuri kuliko hayo ya bara. Mti wenyewe umeshapita paa la jikoni, na ncha za majani yake ni za kijani.

Katika nafasi ya pili naweka mche wa kuagiza, yaani kitawi cha aina ya Hass au Fuerte juu ya shina la pwani. Sijaukuta ukiuzwa tayari katika kitalu chochote cha Mombasa nilichopita. Itakubidi uoteshe kokwa mwenyewe, usubiri shina lifikie unene wa penseli, kisha umwite fundi wa kubebesha akuwekee kitawi. Ni kazi ya subira, na hata ikifanikiwa usitarajie mazao ya Murang'a. Hass na Fuerte zimezoea hewa ya nyanda za juu, na joto letu la Februari na Machi halina huruma kwa maua yake. Ukitaka kupanda miwili, kumbuka kwamba maua ya Hass hufunguka asubuhi yakiwa ya kike na ya Fuerte hufunguka hivyo alasiri, kwa hiyo kila mmoja humsaidia mwenzake kwa chavua.

Wa tatu ni mche uleule ulionitia hasara, Fuerte juu ya shina la Kimeksiko, lakini kwa bustani ya mtu mwingine. Wasomaji wengi wa Mombasa wana nyumba ya pili, kwao au kwa wakwe, na wapo ambao kwao ni Limuru au Kinangop, ambako usiku mkavu wa Januari sakitu huweza kuteketeza viazi. Huko ndiko neno «huvumilia baridi» lina thamani ya fedha. Fuerte ilipata jina lake kwa mtihani wa kweli: vitawi vyake vilichukuliwa Atlixco, Meksiko, mwaka 1911 vikapelekwa California, na baridi kali ya mwaka 1913 ilipoua miche mingi kitaluni, hiyo ilibaki hai, ikaitwa «yenye nguvu» kwa Kihispania. Kwa sakitu ni bora kuliko Hass. Hata hivyo usiipande bondeni kwa kudhani mti utajitetea, kwa maana hewa baridi huteremka kama maji na kutuama chini. Panda kwenye mteremko, na katika miaka miwili ya mwanzo, miezi ya sakitu, rundika udongo mkavu kuzunguka shina hadi upite fundo. Baridi ikiua matawi, sehemu iliyofunikwa itachipua upya juu ya fundo, na utabaki na Fuerte yako badala ya mti wa mwituni.

Hass juu ya shina la bara, iliyopandwa Mombasa, ninaiweka mwisho pamoja na miche ya kokwa ya shilingi 100, ambayo sina la kusema juu yake isipokuwa kwamba ni bahati nasibu ya miaka saba au zaidi.

Maji nayo yanunuliwe kwa hesabu. Hata mche wa Shimba Hills hauvumilii kisima cha chumvi. Unavumilia kidogo zaidi, basi. Mimi nimeweka tangi chini ya mfereji wa paa, kwa kuwa kila milimita moja ya mvua juu ya paa la mita 20 za mraba huleta karibu lita 20. Maji hayo ya masika na vuli nayahifadhia miezi ya kaskazi, na mvua kubwa inaponyesha naiacha ioshe chumvi iliyokaa kwenye udongo. Ambaye hana tangi, hana maji ya mfereji, na anategemea kisima au mkokoteni usiojulikana ulikochota, namshauri anunue maparachichi soko la Kongowea na apande mnazi.

Nina malalamiko kuhusu wauzaji, na siyo ya bei peke yake, ijapokuwa mche unaouzwa Murang'a kwa shilingi 150, kama alivyoninunulia shemeji yangu huko, hauwezi kufika 450 kwa sababu ya nauli ya lori tu. Malalamiko yangu ni kwamba muuzaji anayejua kuandika «huvumilia baridi» anajua kuandika na kokwa lilikotoka, na hachagui kuliandika. Nilipomrudia yule wa Kisauni na kijiti changu, alinisikiliza kwa adabu, akaniambia, «Mama, kokwa ni kokwa,» kisha akanionyesha miche mipya. Niligeuza kikaratasi kimoja na nyuma yake kulikuwa kumeandikwa «Hass», kukakatwa kwa mstari.

Juma lililopita nilipita tena pale, safari hii kununua mbolea ya samadi. Vikaratasi vilikuwa vilevile na bei ilikuwa imepanda hadi 600. Kijana aliyekuwa zamu hakunijua. Nilimwomba jani la mche usiopandikizwa, akaniangalia kwa mashaka, akanipa. Nikalisugua, nikampa na yeye anuse. Akasema lanukia kama vitafunio vya Idi vya bibi yake, akauliza kama hiyo ndiyo dalili ya mche mzuri. Tulisimama pale kitambo nikimweleza, naye akaenda kunusa mingine.