Nili ya Maji kwa Kanzu Nyeupe: Nzuri, Ila Haitaki Mabaki ya Sabuni

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikitumia nili ya maji, yaani buluu ya kung'arishia nguo nyeupe, niliyoinunua katika duka moja hapa Lamu kwa ajili ya kanzu za Ijumaa, ambazo zikishafuliwa mara nyingi huingia umanjano hata zikiwa safi. Kizibo kimoja katika ndoo ya lita 20 hutosha kanzu tatu, nazo hutoka nyeupe pe, kwa kuwa buluu hafifu huufuta umanjano machoni.

Lebo inataja ferosianidi ya chuma, buluu iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Ndani yake mna chuma cha namna mbili, kimoja kilichopoteza elektroni mbili na kingine tatu, vikiwa vimeunganishwa kwa sianidi. Mwanga ukiipiga, elektroni huhama kutoka chuma kimoja kwenda kingine, na hapo ndipo rangi inapotoka. Jina la sianidi lisimtishe mnunuzi, kwani chuma kimeishika barabara, hata buluu hiyohiyo, ikitengenezwa kama dawa, humezeshwa watu walioingiwa na sesiamu yenye mnururisho, kama ilivyofanyika Goiânia, Brazili, mwaka 1987.

Lawama yangu ni kwamba lebo haisemi neno juu ya sabuni. Sabuni ya mche ina ualikali, yaani hali iliyo kinyume cha asidi, na ualikali huivunja buluu hii ukaacha chuma kitupu kinachogeuka kutu. Kanzu ya mwanangu, niliyoisuuza kwa haraka mkesha wa Maulidi, ilipopigwa pasi ilitoka na madoa ya hudhurungi kolani na begani. Niliyatoa kwa ndimu na chumvi, nikaianika juani, kama alivyokuwa akifanya bibi. Asidi ya ndimu hukikamata chuma kikaondoka na maji. Sasa nasuuza maji matatu kabla ya kutia nili, jambo ambalo si dogo katika kisiwa ambacho maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi na maji matamu hutegemea visima vya vilima vya mchanga vya Shela.

Kwa shilingi 150 nitainunua tena. Kofia ya vito, ile iliyodariziwa vitundu vidogo, hata hivyo, siitumbukizi humo, maana sabuni hujificha katika matundu yake na hakuna maji matatu yatakayoimaliza.