Boti ya wazamiaji kwenda meli ya Oriskany kule Pensacola, Florida: baharini nawapa nyota tano, dukani mbili

Nianze na hii kabla hujalipa. Kama cheti chako cha kuzamia ni kile cha mwanzo cha mita 18, usijisumbue, watakurudisha palepale gatini na pesa hairudi. Siku yetu kuna kijana alikuja na begi jipya kabisa, mapezi bado yana stika ya bei, akaulizwa cheti cha kina kirefu hana, akabaki anatuangalia tukifungua kamba. Imeandikwa kwenye masharti lakini nani anasoma masharti.

Oriskany kwa asiyeijua ni manowari ya kubebea ndege ya Marekani, ilipigana Korea na Vietnam, mwaka 1966 ikashika moto ikiwa vitani wakafa watu 44, baadae ikazeeka ikalala bandarini miaka na miaka mpaka wakaamua waizamishe makusudi iwe nyumba ya samaki. Tarehe 17 Mei 2006 walitega baruti wakaitoboa, dakika 37 ikawa imeshafika chini, na ikakaa wima haikulala ubavu. Iko Ghuba ya Mexico zaidi ya maili 20 kutoka Pensacola, na mchanga iliokalia uko futi 212, kama mita 65 hivi. Urefu wake unapita mita 270. Mi nimejifunzia kuzamia Mombasa, meli yangu ya kwanza ni ile Dania iliyozamishwa 2002, chini yake mita 30, unatoka ufukweni hata stori haijaisha mshafika, kwa hio nlikua najiona mzoefu. Wallahi nlipoona picha ya hii nlijua nlikua nacheza kwenye beseni.

Mimi na shemeji yangu tunaishi Atlanta. Ni kama masaa 5 kwa gari, tukaambiwa tuwe gatini saa 12 asubuhi, tukaendesha usiku, tukafika saa 11 tukakuta giza na paka mmoja. Pensacola iko nyuma ya Atlanta kwa saa nzima na hakuna kati yetu aliekumbuka. Hilo si kosa la mtu, nalisema tu msije mkalala garini kama sisi.

Sasa kuhusu boti zenyewe. Nyingi pale ni zile ndogo za abiria 6, sheria ya Coast Guard, walinzi wa pwani wa Marekani, ni kwamba boti ambayo haijapitia ukaguzi wao na kupewa cheti haibebi zaidi ya watu 6 wa kulipa. Maana yake kwako ni kwamba nafasi zinaisha mapema, na wawili wakijitoa safari inaweza kufa maana mafuta ya kwenda mbali vile hayalipiki na watu wanne. Sisi safari ya kwanza mwezi wa tano ilikufa hivyo hivyo, tukapigiwa saa 3 usiku, begi limeshapangwa. Hali ya hewa nayo inaamuliwa na nahodha jioni ya kabla, na akisema hapana usibishane nae, mawimbi ambayo ufukweni unayaona ya kuogea watoto huko nje yanakua habari nyingine. Akiahirisha yeye unarudishiwa pesa au unapewa siku nyingine, ukiahirisha wewe umeliwa.

Bei sisi ilipita dola 200 kwa kichwa, mizamo miwili, na mtungi ni pesa nyingine na hewa ya naitroksi, ile iliyoongezwa oksijeni, pesa nyingine tena, alafu mwisho kuna bakshishi ya mabaharia ambayo haijaandikwa popote lakini inategemewa. Chakula kila mtu na chake. Mi nlibeba mahamri na chupa ya chai ya tangawizi, na ile tangawizi ndio ilinisaidia, shemeji alikataa akasema yeye ni mtu wa Lamu bahari haimtishi, maili ya 10 alikua ameshika ukingo wa boti anamwita mamake.

Hapa dukani, pale wanapojaza mitungi, ndio niliwavunjia nyota, na jina silitaji. Tuliagiza kwa simu, mara mbili, naitroksi ya asilimia 28. Hii namba si ya kupendeza tu. Oksijeni ikizidi kwa kina kirefu inageuka sumu, mtu anapata degedege na regileta, kile cha kupumulia, inamtoka mdomoni hukohuko chini. Kwa asilimia 32 mwisho wako ni futi 111 tu, kwa 28 unafika 130 bila wasiwasi. Tunafika, tunapima wenyewe mitungi na kile kipimo chao pale mezani, inasoma 32.1. Mtungi wa pili 31.8. Yule kaka wa kaunta anatwambia eti haina tofauti kubwa, hio ndio watu wote wanatumia. Haina tofauti! Meli yenyewe inaanzia futi 84, sasa hio 111 nikafanye nini, niguse kilele nirudi? Nahodha alikua anapanga kamba akasikia, akaja, akasoma kipimo, hakupaza sauti wala nini, akamwambia yule kaka toa hewa yote jaza upya boti itasubiri. Ikasubiri dakika 50, na wale abiria wengine wanatuangalia sisi kana kwamba sisi ndio tumewachelewesha. Na ule waraka wa masharti kurasa nne ulitumwa kwa barua pepe saa 5 usiku wa kuamkia safari, nani ataufungua saa hio akiwa barabarani Alabama?

Kwenye maji ni watu wengine kabisa, na hawa ndio nawasifia.

Mkishafika, boti inafungwa kwenye boya lililofungwa kwenye meli, alafu kuna kamba inatoka nyuma ya boti kupita ubavuni mpaka kwenye boya, unaruka unaishika hio kamba unajivuta. Usiiachie. Mkondo siku hio haukua mkali lakini mzee mmoja aliachia kidogo arekebishe miwani, kufumba na kufumbua yuko mita 20 nyuma ya boti, wakamrushia kamba yenye boya wakamvuta kama jodari. Kila mmoja lazima awe na kompyuta yake mwenyewe ya kuzamia, ile ya mkononi inayosoma kina na dakika, hakuna ya kushirikiana, na lile boya la kujipulizia la rangi ya machungwa, maana ukipotea boya ukaibukia mbali huko hakuna atakaekuona kichwa.

Sheria kubwa lakini ni moja, usipite futi 130, na inatokana na hesabu ya meli yenyewe. Kilele cha mnara kiko futi 84. Sitaha ya ndege mwanzo ilikua kama 135, kimbunga Gustav cha 2008 kikaididimiza futi 10 nyingine, sai iko 145. Na kikomo cha mzamiaji wa kawaida ni futi 130. Umeona mtego ulipo? Unashuka na mnara, madirisha ya nahodha wa zamani yale, kolekole wakubwa wanazunguka juu yako makundi makundi, chewa mmoja amejaa mlangoni kama askari wa zamu, alafu unaangalia chini unaiona sitaha, pana kama uwanja, karibu hivi, inakuita. Na kwa kina kile naitrojeni imeshaanza kukulewesha kidogo kwa hio kila wazo unaliona zuri. Mimi kompyuta ilisoma 124 nikajikuta natabasamu peke yangu ndani ya regileta, nikajua basi, nikapanda.

Tukisharudi, pale juu ya ngazi amekaa dada baharia na ubao na kalamu. Hujavua hata vesti anakushika mkono anaigeuza kompyuta yako anaandika mwenyewe, kina cha mwisho, dakika, hewa iliyobaki. Presha ya mtungi ikiwa chini ya psi 500 anakuuliza maswali. Jamaa mmoja mwenye kamera kubwa alipanda, yule dada akabonyeza, akabonyeza tena, 146. Jamaa anasema nlishuka sekunde tu kupiga picha. Dada wala hakumjibu, akaandika, akamwambia mzamo wa pili wewe utapumzika. Basi. Amelipa, amebeba kamera ya maelfu ya dola, amekaa kwenye benchi anakula mahamri yangu muda wote sisi tuko chini. Kuna watu watasema ni ukali wa bure. Mi naona pale mbali, masaa zaidi ya mawili mpaka gatini na chumba cha presha cha kutibia wazamiaji kiko mbali zaidi, ningekua nahodha ningefanya hivyohivyo.

Kuingia ndani ya meli hawaruhusu bila cheti cha kuzamia meli na kamba yako ya kurudia njia. Mishale ya samaki inaruhusiwa ila ipande botini haijategwa, na wengi wanamfuata yule samaki wa mistari mwenye miiba ya sumu, lionfish. Nlicheka, maana yule kwetu Bahari ya Hindi yuko nyumbani hana shida na mtu, huku ni mgeni aliejialika anamaliza watoto wa samaki, serikali ya Florida yenyewe inahimiza auliwe. Shemeji alipona mawimbi mzamo wa pili akashuka, akarudi anasema, shem, nimewaona wenzetu huko chini na wao wanatafutwa.

Kwa hio kama unaenda: waambie dukani namba ya naitroksi kwa maandishi, sio simu, na upime mwenyewe usimuamini mtu. Bima ya wazamiaji kata kabla, ya DAN, lile shirika la wazamiaji, inatosha. Usipange ndege siku hio, baada ya mizamo miwili unakaa chini masaa 18 ndio unapaa, sisi tulikua na gari lakini bado tulilala mjini maana kuendesha Alabama usiku na ule uchovu hapana. Yale mabaki ya pesa ya safari iliyokufa mwezi wa tano hadi leo duka linasema liko kwenye mchakato, wakinirudishia nitaongeza nyota moja.